Kona ya Korido

Kabati la Mama lilikataa kutoka, na hapo ndipo nilipojua tumejijengea nini.

Lilikuwa kabati la mvule, la kipande kimoja, ambalo marehemu baba yangu alitengenezewa na seremala mmoja wa reli enzi zile tukikaa Kaloleni. Wanaume wanne walilibeba Jumamosi asubuhi kulitoa sebuleni. Mlangoni likapita. Likafika nje, pale korido inapopinda, likagoma. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakaligeuza mgongo, wapi. Seremala tuliyemwita akashauri tulikate vipande viwili. Nikamwambia aanze na kichwa chake. Mume wangu alikuwa amebanwa kati ya kabati na ukuta, jasho linamtiririka, mbele haendi nyuma harudi, na mimi badala ya kumwonea huruma nikaanza kucheka. Nilikuwa na hasira nyingi siku hizo na sikuwa na pa kuzipeleka.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, tasbihi mkononi, anatazama. Aliwaacha wahangaike mpaka wakachoka, wakalirudisha kabati ndani pale pale lilipokuwa. Ndipo akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nyanya:

"Na mimi je, mtanitoa vipi?"

Mume wangu alijifanya hakuelewa. Akamwambia, Mama, wewe si unatoka kwa miguu yako kila siku. Mama akamkazia macho.

"Leo natoka kwa miguu, mwanangu. Nakuuliza siku ile."

Seremala akakusanya kamba zake, akaomba nauli.

Nieleze hiyo kona ilikotoka, maana mtu asiyeijua mitaa yetu ya Eastlands, huku mashariki ya jiji, atadhani tulikuwa na wazimu. Nyumba yetu iko mbele kidogo ya Jericho, katika safu ya nyumba zilizoshikana ubavu kwa ubavu, kila moja na vyumba vyake vya juu na vya chini, na uwanja mdogo mbele. Tuliinunua kwa mkopo wa benki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na benki inapenda walimu kwa sababu mshahara wetu inaushika kabla sisi hatujauona. Mume wangu anauza vipuri vya pikipiki kwenye duka la kukodi. Siku ikiwa nzuri tunakula kuku, ikiwa mbaya tunakula maneno. Siku tulipokabidhiwa funguo nililia kwa furaha. Mpangaji tangu kuzaliwa, binti wa mpangaji, leo nina mlango wangu. Sikujua kwamba mlango wenyewe ndio ungekuja kunikaba koo.

Mama tulimtoa Kaloleni, kwenye nyumba ya baraza la jiji alimoingia akiwa bibi harusi kutoka Mombasa, na alimofiwa na mume. Alirudisha funguo shingo upande. Alipokuja kuiona nyumba yetu mara ya kwanza hakutazama jikoni wala bafu. Alisimama mlango wa mbele, akatazama uwanjani mpaka getini, akasema hapa mkeka utakaa. Wiki hiyo hiyo akapanda mrehani na asumini chini ya dirisha la sebuleni, akaweka kiti chake dirishani, akawa anajua nani kapita, nani kanunua nini, na mtoto wa nani hakwenda shule. Nilikuwa nikirudi kazini napewa taarifa ya habari kamili.

Halafu benki ikapandisha riba. Haikutuuliza, ilitufahamisha tu. Kiasi kile kile tulichokuwa tukikatwa kikafutuka, na kilichobaki mkononi hakikufika hata katikati ya mwezi. Tukaanza kupunguza. Nyama ikaondoka, kisha maziwa ya paketi, kisha Mama akaanza kumeza dawa ya presha siku moja na kuruka siku moja bila kutuambia, mpaka nilipomgundua nikamgombeza kama mtoto. Yeye akanijibu kwamba hakuna haja ya kumponya mtu kwa pesa ya unga.

Mume wangu akaja na jibu ambalo kila mtu mtaani alikuwa nalo: ekstensheni. Jenga vyumba viwili uwanjani, weka wapangaji, wao walipe benki, wewe upumue. Katika safu yetu yote ni sisi tu tuliokuwa bado na uwanja, na watu walitutazama kama watu wasiojua hesabu. Nitasema ukweli, sikupinga. Rangi ya kuta nilichagua mimi. Nilichukua mkopo mwingine kwenye chama cha ushirika cha walimu ili kujenga vyumba vya kulipia mkopo wa kwanza, na siku hiyo nilijiona mjanja.

Mafundi wetu wa Eastlands wana namna yao ya kupima. Korido ya kutoka getini mpaka mlango wa mwenye nyumba haipimwi kwa futi. Fundi alijaza toroli mchanga, akaisukuma kutoka getini, akapanga mawe yake kwa kuifuata, na alipofika mbele ya mlango wetu akainua mikono ya toroli, akaizungusha, ikapinda, ikaingia. "Toroli ikipita, mtu atapita," akasema, na sisi wote tukaitikia. Safu nzima ilipimwa hivyo hivyo. Kila inchi unayoongeza kwenye korido unaipunguza kwenye chumba cha mpangaji, na chumba kisichoingia kitanda cha watu wawili kodi yake ni ya kuonewa huruma. Kwa hiyo ukitoka mlangoni kwetu unagongana uso kwa uso na ukuta wa chumba cha kwanza. Unapinda kulia, unapinda tena kushoto, ndipo unaipata njia ya geti. Na juu kuna slabu ya zege, maana mume wangu alisema siku moja tutapandisha vyumba vingine.

Toroli ni fupi. Hilo halikumjia mtu yeyote akilini.

Dirisha la Mama likabaki, lakini mbele yake sasa kulikuwa na mawe, karibu kiasi cha kuyagusa ukinyoosha mkono. Mrehani ulifukiwa, asumini ilikatwa. Mama hakunung'unika. Asubuhi alifungua pazia kama kawaida, magharibi akalifunga, na kati ya hapo alikaa pale pale akitazama ukuta. Hilo lilinichoma kuliko kama angepiga kelele. Nikamwambia basi ahamishe kiti. Akasema amezoea.

Sebule ikawa giza mchana kutwa. Taa inawaka saa nne asubuhi, tokeni za stima zinakatika kama pipi. Halafu ekstensheni ikaziba mfereji, mvua za masika zikaingia ndani, ikabidi tuinue sakafu. Tulipoinua sakafu milango ikawa haifunguki, ikabidi tuikate. Bomba la maji taka halikuwa limepimiwa watu wengi namna ile, likapasuka. Kila tulichotengeneza kiliharibu kingine, na kila fundi aliyekuja alianza kwa kumtukana fundi aliyetangulia, kisha akataja bei. Kodi za wapangaji zilipita mikononi mwetu zikielekea benki, hata hazikutusalimia. Nikiwa darasani nafundisha kutoa na kujumlisha, akili yangu iko kwenye nyumba inatoa, inatoa, inatoa.

Halafu magoti ya Mama yalipokataa ngazi, tukaamua kumtengea sehemu ya sebule kwa mbao nyepesi ili alale chini. Ndiyo maana tulitaka kabati litoke, tulipeleke kwa ndugu yangu. Na kabati likatuambia ukweli.

Siku chache baadaye Mama alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza kwa urefu, kuhusu siku aliyotoka baba. Nilikuwa mdogo, nakumbuka pilau na watu wengi tu. Aliniambia baba aliogeshwa nyumbani, chumbani kwake, na wanaume waliomjua. Jeneza la msikitini likaletwa likiwa mabegani, likaingia ndani likiwa mabegani, likatoka hivyo hivyo, mlango ukalipokea na uwanja ukalipokea. Watu wa reli, wa baraza, Waislamu na Wakristo, wanapokezana bega. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo yeye alisimama mlangoni akamtazama mumewe akienda, moja kwa moja, mpaka walipopinda karibu na ukumbi wa mtaa.

"Nilimwona mpaka mwisho," akasema. "Ndicho kilichonifariji."

Hakuniomba kitu. Aliendelea kuchambua mchele. Lakini nilielewa, na nikakosa usingizi kwa sababu nilielewa.

Nilimwambia mume wangu Jumapili mchana, jikoni, watoto wakiwa madrasa. Nikamwambia ile kona ivunjwe, tuchukue kipande cha chumba cha kwanza, korido inyooke. Kwanza alicheka. Alipoona sicheki, akakaa. Yeye si mtu mbaya, na ubaya wake ungenirahisishia. Akapiga hesabu kwa sauti, kwa upole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya daktari: tukikata kona, kitanda hakiingii, kitanda kisipoingia, yule msusi aliyepanga humo atahama, akihama, mwezi ule ule benki inakuta pengo, na benki ikikuta pengo mara mbili tatu, inakuja na dalali na kengele. "Huo ukuta ndio unaolipa hii nyumba," akasema. "Tukiuvunja kwa ajili ya kumtoa Mama, tutatoka naye sote."

Nikamwambia basi wakati ukifika tutaona. Akasema ndiyo, tutaona. Nilimchukia kwa jibu lile, na lilikuwa jibu langu mwenyewe.

Haukupita muda akafa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu wa Lamu, muuza halua, aliyekuwa akimletea Mama kipande kila Ijumaa. Nyumba yao imepimwa kwa toroli ile ile. Jeneza lilipofika likaishia getini. Wakamtoa mzee kwa shuka, wameshika pembe nne, mmoja anarudi kinyumenyume, mwingine anasema inua, inua, teremsha. Pale penye kona wakambana, wakamkunja kidogo. Mguu wake ukagonga ukuta. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumekaa mkekani, na sote tuliusikia ule mlio mdogo wa mguu kwenye jiwe. Mjane wake akafunika uso kwa leso.

Mama alikuwa ameushika mkono wangu. Akauminya mpaka ukauma.

Tuliporudi nyumbani hakula. Kesho yake akaniambia, bila ugomvi wowote, nimtafutie basi la Mombasa. Dada yake mdogo bado yuko Majengo, huko huko Mombasa, nyumba ya makuti na mabati lakini ina mlango na ina ua. Nikamwuliza anaenda kutembea kwa muda gani.

"Siendi kutembea. Nipelekeni nikafie kwa watu wenye mlango."

Nililia mbele yake, mimi mtu mzima. Nilihisi nimepigwa kofi. Nilikuwa nimemtoa mwanamke huyu kwenye nyumba ya kupanga yenye mlango, nikamleta kwenye nyumba yangu ya kununua isiyo na mlango, na sasa anaomba nauli ya kwenda kufa mbali nami kwa sababu kwangu hapafai. Nikamshika miguu, nikamwambia Mama, kona nitaivunja. Nitaivunja kabla, na utaiona kwa macho yako. Kisha akasema haya, na basi la Mombasa likaahirishwa.

Tangu siku hiyo kukawa na mkebe wa majani chai juu ya lile kabati, na ndani yake pesa za kona. Za kumlipa fundi, na za kuziba pengo la kodi miezi michache mpaka tupate mpangaji anayetosha kwenye chumba kidogo. Nilianza kufundisha watoto wa jirani jioni. Nikaacha kununua nguo, nikaacha kwenda harusini kwa sababu harusini kunatakiwa mchango. Mkebe ulipoanza kuwa mzito, tangi la maji juu ya paa likapasuka. Wapangaji wakakosa maji, wakaanza kuulizia vyumba kwingine. Pesa za kona zikanunua tangi. Nikaanza tena. Likaja suala la ada ya kitinda mimba wetu kuingia sekondari. Nikaanza tena. Riba ikapanda tena.

Kila mwanzo wa mwezi Mama alikuwa akiutazama ule mkebe nikiushusha. Hakuwahi kuniuliza. Ningependa angeniuliza, ningepata pa kujibia. Mimi nilimwambia mwezi ujao, inshallah, na yeye akasema inshallah, na tulijua sote wawili kwamba neno hilo tumelibebesha mzigo usio wake. Siku nyingine nilitoka nje kwa hasira nikasimama penye kona, nikausukuma ukuta kwa mikono miwili. Msusi akanikuta hivyo mara moja. Akaniuliza, "Mwalimu, uko sawa?" Nikamwambia natafuta ufa.

Huyo msusi na mimi hatukuwa marafiki. Redio yake ilipiga kelele, maji alimwaga ovyo, kodi alileta vipande vipande. Lakini Mama alimpenda. Ukuta wa chumba chake ulikuwa mbele ya dirisha letu, wakawa wanaongea kupitia mawe, mmoja hamwoni mwenzake, Mama akimfundisha kupika mahamri kwa sauti ya juu na yule, aliyekuwa akimwita Shosh, yaani bibi, akimjibu kwa Kiswahili cha mtaani ambacho Mama alikuwa akisema ni lugha ya kuku. Jioni nyingine alikuja kumsuka Mama kabla hatujaenda kilioni, na hakudai chochote.

Mama alifariki asubuhi, baada ya chai. Aliniomba nimfungulie pazia, nikamfungulia, nikaenda jikoni kuosha vikombe. Niliporudi tasbihi ilikuwa imeanguka. Hakukuwa na hospitali, hakukuwa na mahangaiko. Alikuwa amekaa anatazama ukuta.

Sisi hatuweki maiti. Kufikia saa sita nyumba ilikuwa imejaa, mume wangu ameshakwenda msikitini, sanda imekuja, na sisi wanawake tumemlaza Mama sebuleni tunamwosha. Mimi ndiye niliyekuwa namwagia maji. Nilikuwa nimejikaza, naweza kusema nilikuwa mzima, mpaka niliposikia kupitia dirisha lile sauti za wanaume nje, wamefika na jeneza, wamekwama penye kona. Wakajaribu kulisimamisha. Mmoja akasema hapana, maiti hasimamishwi. Kisha mzee mmoja wa msikitini, kwa nia njema tu, akasema hakuna shida, watamtoa kwa shuka kama walivyomtoa yule wa nyumba ya tatu, jeneza lisubiri getini.

Kopo likatulia mkononi mwangu. Nilikuwa nimeahidi. Miguu ya Mama ilikuwa pale mbele yangu, myembamba, inadondoka maji, na nilichokuwa nikisikia masikioni ni ule mguu wa mzee ukigonga jiwe. Shangazi yangu akanigusa begani, akasema endelea mwanangu, mwagia.

Halafu nikamsikia msusi.

"Bomoeni tu hiyo kitu. Shosh hawezi toka kama godoro."

Mtu akamwambia, wewe vitu vyako viko humo ndani. Akajibu kwamba anavitoa sasa hivi, atalala kwa beshte yake, msusi mwenzake, na mwenye kutaka kusaidia ashike kitanda. Nikasikia kitanda kikiburutwa. Nikasikia sufuria zikianguka. Nilikuwa namsubiri mume wangu aseme kitu. Nilijua hesabu zake zote kwa moyo, ningeweza kumsemea. Kilichofuata ni nyundo.

Pigo la kwanza lilitetemesha dirisha. La pili likaangusha mkebe wa majani chai kutoka kabatini, na vijisarafu vilivyokuwamo vikasambaa sakafuni kati ya miguu ya wanawake, na hakuna aliyeinama. Mimi nikaendelea kumwagia Mama maji, upande wa kulia, kisha wa kushoto, na kila nyundo ilipopiga nilikuwa namwambia kimoyomoyo, sikia, Mama. Baadaye waliniambia mume wangu hakumwachia mtu mwingine ile nyundo. Alipiga akiwa na kanzu yake ya msikitini, vumbi limemjaa usoni, analia wazi mbele ya watu, mpaka jiwe la mwisho la kona likalala chini.

Jeneza likaingia likiwa mabegani. Lilipita kwenye vifusi, na likatoka likiwa mabegani. Mimi nilisimama mlangoni. Kona ikiwa haipo, mlango wetu na geti vilionana, na ng'ambo ya geti nikaiona barabara, na watu wanapokezana, wa msikitini, wauza vipuri, walimu wenzangu, hata makanga wa matatu pale stejini. Niliwatazama wakienda moja kwa moja mpaka walipopinda penye kibanda cha viatu. Nilimwona mpaka mwisho.

Nilipogeuka kuingia ndani, jua lilikuwa limepitia mlangoni likafika sebuleni. Lilikuwa limelala juu ya kiti chake. Sikuwahi kujua kama nyumba yetu bado ina jua. Hapo ndipo nilipolia, na nililia kwa kumlilia Mama na kwa hasira pia, kwamba mwanga huo ulikuwa nje muda wote, umezuiwa na mawe niliyoyachagulia rangi mimi mwenyewe.

Siku za matanga watu walipita pale bila kupinda. Hata sinia za biriani zilipita mbili mbili. Watoto wakapageuza uwanja. Nilimwambia mume wangu tupaache hivi hivi. Akasema ndiyo, kweli, tupaache. Tulikuwa tunaongea kama watu walio kwenye likizo.

Mwisho wa mwezi ukafika. Msusi alikuja kwa heshima zote, akanipa pole tena, kisha akauliza kama tunamrudishia kodi ya siku ambazo hakulala au chumba kitakuwa tayari lini. Alikuwa na haki yake. Benki nayo ilituma ujumbe wake wa kila mwezi, ambao hauna pole ndani yake. Tukakaa jikoni, kwenye viti vile vile, tukapiga hesabu ile ile, na safari hii hatukugombana hata kidogo. Hakukuwa na cha kugombania.

Fundi alirudi na toroli. Kabla hajaanza nilimwomba apanue korido hata kidogo, akanyoosha mikono kunionyesha kitanda kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Nilikuwa najua. Mawe yalikuwa yale yale, aliyasafisha tu akayapanga tena, na kufikia adhuhuri sebule ilikuwa imeanza kuwa giza, nikawasha taa.

Alipofika penye kona, nikatoka nje.

"Hapo usitie simiti nyingi," nikamwambia.

Akasema mwalimu, bila simiti huo ukuta hautakuwa na nguvu, mtu akiuegemea utakuja wote. Nikamwambia najua.

"Humu ndani tumebaki wawili wa kutolewa, mimi na huyu," nikasema, "na benki bado haijamalizana nasi."

Akamtazama mume wangu, nadhani akingoja aambiwe kwamba mama watoto ana msiba, asimsikilize. Mume wangu aliinama, akachukua sepetu, akapunguza simiti kwenye mchanganyiko yeye mwenyewe.